Sherehe Nyekundu ya Rukia

Naona haya hata kuanza, na nikianza msinikatize, maana nikisimama katikati sitamaliza. Mimi mnayeniona hapa, mtu mzima, dereva wa serikali, mwenye ndevu zangu, nimewahi kujiaibisha mchana kweupe uani kwangu mbele ya nusu ya Bagamoyo, na yote hayo nimeyataka mwenyewe, kwa kuchagua rangi.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Mke wangu Mwanahawa alikuwa kwa mama yake Kaole, kaondoka kwa hasira pamoja na mtoto wetu Rukia, na kosa langu (nichekeni tu) ni kusema mbele ya wageni kwamba wali wake una mchanga. Mwezi wa pili ulikuwa unaingia tangu waondoke. Nilipomfuata, mama mkwe wangu, Bi Mwanakombo, mwanamke mkimya mwenye heshima zake, asiyeinua sauti wala macho, alinijibu kutoka nyuma ya pazia kwamba mwanawe hatoki mpaka yeye aone kuwa kwangu ni nyumba ya watu wanaojua kukaa na watu. Nikarudi nawaza, sasa nitamwonyeshaje?

Basi nikakumbuka kwamba zamani, nilipokuwa namwendesha mzungu mmoja Dar es Salaam, niliona sherehe ya kuzaliwa ya mtoto wake ambayo kila kitu kilikuwa cha manjano, vitambaa vya manjano, vinywaji vya manjano, hata mama mwenye nyumba na gauni la manjano, na watu wote walioingia walitoka wanasifu. Rukia alikuwa anatimiza miaka minne, na rangi yake ukimuuliza ni nyekundu, hana nyingine. Nikasema ndiyo hiyo hiyo, nitafanya sherehe nyekundu, nimwalike mama mkwe aje na watu wangu, aone, alainike, aniachie.

Nikaenda duka la Mhindi kununua bendera, kile kitambaa chekundu cha pamba, tena kingi. Mwenye duka alipokuwa anapima akaniuliza mgonjwa wetu ni nani. Nikamwambia hatuna mgonjwa, tuna furaha. Akanitazama kidogo, akaendelea kupima. (Nanyi mnaojua mmeshaanza kucheka. Mimi nimekulia Chalinze chini ya fimbo ya baba aliyekuwa mwalimu wa Kurani, na kwetu mambo ya pepo hata kutajwa hayakutajwa, sembuse nijue kwamba kila pepo ana rangi ya nguo yake, na kwamba bendera watu hawaitundiki hivi hivi.)

Siku yenyewe, baada ya adhuhuri, nilitandika bendera mezani, nikaizungusha kwenye ua wa makuti, nikafunga na mlangoni. Sharbati ilikuwa nyekundu, keki niliyoagiza Dar ilikuwa nyekundu juu, shati langu jekundu. Jirani yangu Bi Nuru, mama mwema, akaona nyumba ya mwanamume aliye peke yake haina harufu nzuri, akaja na chetezo akafukiza udi na ubani. Watoto wa mtaani nikawapa ngoma ndogo na madebe, wapige mgeni wangu akaribishwe kwa shangwe. Nikasimama katikati ya hayo yote najiona bwana harusi.

Wakaja. Rukia mbele anakimbia, mama mkwe nyuma yake na baibui lake, Mwanahawa mwisho. Mwanahawa alipofika mlangoni akaganda, na badala ya salamu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani kakwambia uweke nyekundu?"

Nikamjibu nimefikiri mwenyewe, nikangoja sifa.

"Mtoe mama," akasema. "Mtoe sasa hivi."

Lakini mama alikuwa keshaingia, kasimama mbele ya meza, watoto wanapiga ngoma kwa nguvu zao zote, moshi wa ubani unampita usoni, nami nasema shikamoo mama, shikamoo mama, haitikii. Kwanza ulitetemeka mkono, halafu bega, halafu mwanamke yule ambaye sikuwahi kumsikia hata akikohoa akatoa mngurumo uliowanyamazisha kuku wa jirani, akavua baibui, akavuta kitambaa cha mezani, keki ikaenda chini, akajifunika bendera kichwani mpaka magotini. Nilidhani nimeua mama wa watu.

"Nani kaniita?" akauliza, na sauti ilikuwa nzito, ya kiume.

Wote wakanitazama mimi. Bi Nuru peke yake ndiye hakushtuka, akapiga magoti, akamkaribisha kwa adabu kama mgeni yeyote, akamuuliza anataka nini.

"Nimeona nguo yangu, nimesikia ngoma yangu. Nataka kucheza na mwenye nyumba."

Nikasema haiwezekani, yule ni mkwe wangu, na mkwe hata mkono hapewi. Bi Nuru akaniambia upesi upesi, bila kugeuka, kwamba pepo aliyeitwa kwa nguo na ngoma akinyimwa alichotaka hukasirika, na atakayeumia si mimi, ni mama aliyepandwa naye. Nikamtazama Mwanahawa. Alikuwa analia, akaniashiria kwa kichwa kwamba nicheze.

Nikacheza. Mkono wa mama mkwe ulinibana kama koleo, tukazunguka meza, tukakanyaga keki, tukazunguka tena, na watoto kwa kudhani ndiyo sherehe yenyewe wakazidisha madebe, na Rukia anapiga makofi anawaambia wenzake bibi anacheza na baba. Wakati huo huo watu walikuwa wanatoka kuswali alasiri, wakasikia ngoma, wakaja kuchungulia juu ya ua, nikaona kofia moja, nikaona kofia nyingi, nikafumba macho.

Alipotosheka alikaa chini, Bi Nuru akamnyunyizia marashi, akatulia. Mama mkwe akafumbua macho yake mwenyewe. Akatazama bendera mwilini, akatazama keki miguuni, akatazama kofia za watu, halafu akatazama mkono wake, ambao bado ulikuwa ndani ya mkono wangu, maana mimi kwa mshtuko nilisahau kuuachia. Nikafungua mdomo niombe radhi. Akauvuta, akajifunika baibui mpaka machoni, akatoka na Bi Nuru kwa mlango wa nyuma.

Nikajua basi, nimeachwa. Bi Nuru aliporudi kutoka kumsindikiza alinong'ona na mke wangu, akaenda zake, nami nikamwambia Mwanahawa amchukue mtoto niwapeleke Kaole kabla ya giza.

"Siendi," akasema, anaokota vikombe. "Mama kanikataza. Anasema nikirudi kwake utakuja kunifuata, na uso wa kukutazama hana."

Hivyo ndivyo nilivyompata mke wangu. Rukia sasa yuko darasa la sita, na nimeapa kwamba siku ya kuzaliwa ya mtoto, nyumbani kwangu ni pilau tu, na kila mtu avae nguo aliyonayo. Sikukuu nikiwapeleka Kaole, mimi nabaki njiani kando ya gari, naletewa chakula huko huko, kitamu ajabu, na nikirudisha sahani nasema mwambieni mama nashukuru, nataka kuingia nimsalimu. Kila mara jibu ni kwamba mama amelala.