Mchawi wa Bwawa la Kibuta

Mimi ni mtu wa ziwani. Nimezaliwa Ukerewe, nikakulia kwenye harufu ya dagaa waliotandazwa mchangani. Hadi leo, nikiwa mtumishi wa ofisi hapa Kibaha, jirani zangu wa Maili Moja wakinunua samaki huniita nimtazame jicho kabla hawajalipa. Natazama kwa makini, natikisa kichwa kidogo, halafu nasema chochote kinachonijia. Kuhusu samaki, nilichokijua vizuri miaka yote ni kumla.

Kwa hiyo nilipoolewa Kibuta, ndani kule Kisarawe, nilipewa heshima nisiyoistahili. Bondeni, nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, kuna bwawa ambalo baba mkwe alilichimba na majirani enzi za ujana wao, wakalitia perege kutoka mto Ruvu. Baba mkwe sasa ni marehemu. Alipokuwa kitandani alimwachia mama mkwe usia mmoja tu, kwamba bwawa lisife. Mikorosho hakuitaja, wala nyumba. Tangu hapo mama alikuwa na hofu moja, na aliisema hata mbele ya wageni: bwawa lisije likafia mikononi mwake.

Nalo lilikuwa linakufa. Nikiwa bibi harusi nilipakuliwa perege aliyejaza sahani, mkia ukining'inia nje. Miaka ilivyokwenda wakapungua, wakawa wa kiganja, kisha wa kukaangwa na kutafunwa na miba yake. Kila nyumba ilivua ilipojisikia, wengine kwa chandarua, kinachokomba hata visamaki visivyoonekana vizuri kwa macho. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye mvuvi wa familia, na hakuacha kunitania. "Shemeji, nyie kwenu mna ziwa zima, sisi tuna beseni. Hebu tupe dawa." Dawa sikuwa nayo. Baba yangu mzazi alikuwa akisema ziwa halina mwisho, akavuta wavu wake wa kokoro na wenzake asubuhi na jioni, na mwisho wake ameuona kwa macho yake. Siku hizi anakula dagaa wa kupimiwa kwa kopo, tena hataki kuulizwa habari za ziwa.

Wakwe zangu, wao, walikuwa na maelezo yao. Pale ukingoni, maji yanapotulia, watu wengi walikuwa wameshuhudia perege mkubwa akifungua mdomo na kumeza kundi zima la vifaranga. Hakuna aliyehadithiwa. Wakakubaliana kwamba wakubwa ndio wanaowamaliza wadogo, na kutokana na hilo ikazaliwa desturi. Kila mwaka, siku moja kabla ya Ijumaa Kuu, walivua samaki wa chungu cha pamoja, kile kinacholiwa baada ya ibada na majirani wote, Waislamu wakiwemo. Perege mkubwa kuliko wote aliletwa kwa mama akiwa hai. Wakamwita mchawi. Mama alimkata kwa mkono wake, watu wakapiga makofi, ndipo samaki wengine walipoparuliwa magamba. Nami nilipiga makofi. Ningebisha nini, wakati mchawi mwenyewe nilishamwona akimeza?

Mwaka ninaousema, nyavu zilizungushwa tangu asubuhi na kilichopatikana kilikuwa aibu. Visamaki vya kidole, ndoo haikufika nusu, na mchawi mmoja ambaye zamani angehesabiwa mtoto. Shemeji alimtupa kwenye beseni lililokuwa nje ya jiko na kusema, "Mama, mtu wako huyu." Samaki alikuwa amejaa tope. Mimi tope silipendi, nikammiminia ndoo ya maji safi ili angalau afe akiwa msafi. Kabla kisu hakijanolewa, mvua ya masika ikamwagika, watu wakakimbilia varandani, nami nikabaki chini ya upenu wa jiko na yule samaki.

Mvua ilipokata nilichungulia. Alikuwa ametulia chini ndani ya beseni, kidevu kimevimba kama cha mtu mwenye jino bovu. Nikadhani anaumwa. Halafu akafungua mdomo, taratibu, na kitu kama moshi kikatoka. Moshi ule ulikuwa na macho. Vilikuwa vifaranga, wembamba kama sindano, wakitoka na kuzidi kutoka, hadi nikashindwa kuelewa walikuwa wamekaa wapi ndani ya kichwa kile kidogo. Wakaelea kumzunguka, wote wakimwelekea yeye.

Nikaita, "Mama, njoo uone." Mama akaja na kisu mkononi. Kivuli chake kilipoangukia beseni, vifaranga wote wakageuka kwa pamoja na kukimbilia mdomoni, nao mdomo ukafumbwa.

"Si unaona?" mama akasema. "Anawala mbele yetu, hana hata haya."

Nilitaka kukubali, maana ndivyo ilivyoonekana. Lakini nilikuwa nimeona walikotoka. "Mama, rudi nyuma kidogo. Tusubiri."

Akarudi, si kwa kuniamini bali kwa kunistahi, mtu wa ziwani. Tukasubiri. Mdomo ukafunguka, wakatoka tena, wazima, wanacheza. Mama akanyoosha mkono juu ya maji, wakaingia. Akauondoa, wakatoka. Akafanya hivyo tena na tena, na kila mara nilimwona anavyokaza macho kutafuta anayebaki tumboni. Hakubaki hata mmoja. Mwishowe akaweka kisu chini, akaketi kwenye kigoda.

"Anawaficha," akasema. "Sisi ndio anaotukimbia."

Watu walikuwa wanarudi kutoka varandani, tayari kwa makofi. Mama akawaamuru wapite mmoja mmoja, wasisukumane, wasizibe mwanga. Walipita. Aliyekuja akicheka aliondoka hacheki. Mzee mmoja wa jirani, bingwa wa kubisha, alivua kofia yake ya kitenge na kuinama muda mrefu, kisha akasema, "Subhanallah," na kwenda kusimama peke yake kwenye migomba. Nilimwonea wivu kwa kuwa na neno. Mimi nilikuwa nachungulia tena na tena tu, mtu mzima.

Shemeji ndiye aliyeuliza swali lililokuwepo. "Sasa mama, kesho watu watakula nini?"

"Kisamvu."

"Ijumaa Kuu, mama? Watatusema."

"Waseme. Miaka yote hii tumeua mama zao, halafu tunauliza watoto wako wapi. Baba yako aliniachia bwawa, hakuniachia chungu."

Beseni lilirudishwa bondeni likibebwa na mama mwenyewe, shemeji akimshika mkono kwa sababu ya utelezi. Kesho yake tulikula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi, na ni kweli walitusema. Lakini baada ya kula waliketi wakapanga, na hapakuwa na kelele nyingi, kwa kuwa kila mtu alikuwa ameona. Chandarua kibaki kitandani. Wavu uwe na matundu ya kupita vidole vitatu. Masika yote bwawa lipumzike, isipokuwa siku ya chungu. Kila nyumba ivue samaki wa mboga, isivue wa kuuza gulioni, na perege yeyote aliyevimba kidevu arudishwe majini bila mjadala. Waliponiuliza kama na kwetu ziwani tunafanya hivyo, niliwajibu kwamba laiti tungefanya. Nikamkumbuka baba na kopo lake la dagaa, nikaumia.

Mwaka uliofuata, ili samaki waongezeke kwanza, hatukuvua kabisa. Uliofuata tena, shemeji alinipigia simu Kibaha, akasema njoo, usiulize. Nikapanda pikipiki hadi Kibuta. Nikamkuta mama bondeni, ameegemea fimbo, macho yake hayakuwa tena na nguvu ya zamani. Chungu cha mwaka huo kilikuwa kimeshajaa, samaki wa kiganja na zaidi, na waliobaki walikuwa wakipiga mikia katikati ya bwawa, duara baada ya duara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Usisogee."

Miguuni pake, kwenye maji ya kina kifupi, alikuwepo perege mkubwa mmoja, mpana kuliko wote niliowahi kuwaona pale. Kivuli cha mama kilikuwa kimemfikia, naye alikuwa akiwakusanya wanawe mdomoni, wa mwisho akiponyoka na kurudi.

Mama mkwe wangu sijawahi kumsikia akimwomba radhi mtu yeyote, mimi wala watoto wake. Aliinama kadiri mgongo ulivyomruhusu.

"Nisamehe, mwenzangu," akamwambia samaki.

Kisha akanishika bega, akarudi nyuma polepole hadi kivuli chake kikatoka majini, tukasimama tukingoja watoto watoke.