Sishuki Mpaka Chidya

Juzi nilikwenda Newala kumwona baba, na kabla sijatua mkoba nikasikia spana inaanguka kwenye saruji nyuma ya nyumba. Wewe unanijua, mimi na magari wapi na wapi. Kuendesha najua, lakini nikiulizwa nimepanda gari gani nasema jeupe. Lakini sauti ile ilinishika moyo. Nikazunguka mbio, nikakuta gari jekundu la baba limeinuliwa pua, tairi za mbele zimetolewa, limeegemezwa kwenye magogo ya mkorosho, na fundi kainama ndani ya boneti. Baba kakaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo mkononi, anamwelekeza mtu ambaye wala hakuomba kuelekezwa. Jamani, machozi yalinitoka palepale, na salamu sijaitoa.

Gari lenyewe ni la spoti, milango miwili, pua ndefu, limelala chini kabisa. Baba alilinunua kwa mhandisi wa barabara aliyemaliza kazi akarudi kwao, na mtaa mzima ulimshangaa. Watu wananunua pikapu za kubebea korosho, yeye kaleta kitu ambacho mbuzi anachungulia juu ya paa. Jirani yetu alikuwa kila akipita anauliza, "Baba Somoe, hilo limesimama au limekaa?" Somoe ndiye mimi. Mama alinuna mpaka siku alipogundua kwamba madumu ya maji yanaingia kiti cha nyuma. Basi gari la kukimbizwa kwenye lami likawa punda wa kuteremka bondeni kufuata maji. Tulikuwa tukilisikia likipanda mlima linahema, na sisi watoto tunalipokea kwa vifijo, kwa sababu maana yake jioni ile tutaoga.

Maji na mashimo vililimaliza. Shokapu za mbele zikavuja mafuta, springi moja ikakatika, gari likawa kila likigusa jiwe linapiga ngo! kama mtu anabisha hodi kwa hasira. Baba akaliegesha chini ya mikorosho nyuma ya nyumba. Kuku wakahamia.

Pale nyumbani tulikuwa na bibi, mama yake baba. Bibi alikuwa mnene, mcheshi, na ana maneno! Kazi yangu na yake ilikuwa kubangua korosho barazani. Yeye anabangua nzima nzima, mimi navunja, na zilizovunjika tunakula wote wawili kabla mama hajaona. Moshi wa maganda, utomvu unaounguza vidole, mabibo yanayochacha kwenye ndoo, harufu hiyo mpaka leo ikinipitia nageuka kumtafuta bibi.

Sasa macho ya bibi yalikuwa yanafifia. Alianza kuniita kwa kusikiliza hatua zangu. Na alikuwa na mdogo wake, bibi mdogo tulimwita, aliyeolewa huko Chidya, naye hawezi kutembea. Ndugu waliozaliwa naye walikuwa wamekwisha, amebaki huyo tu. Bibi alikuwa na ombi moja, analirudia kila siku akichambua mboga: "Nataka nikamwone kwa macho. Sitaki kwenda kumpapasa."

Utasema si apande basi? Alijaribu. Magoti yake yalikuwa hayakunjiki, ngazi ya basi ikamshinda, kondakta akamsukuma kwa nyuma, na mwingine akamvuta mikono kwa mbele, abiria wanacheka. Bibi akageuka akarudi nyumbani kwa miguu, kanga kaifunga kifuani. Alipofika akasema, "Mimi si gunia la korosho." Basi hataki tena, pikapu hataki, cha kukwea chochote hataki.

Siku moja baba alikuta bibi amekaa ndani ya gari jekundu, kule kwa kuku. Alikuwa anatafuta mayai, akachoka, akafungua mlango akakaa. Hakukwea. Alijishusha tu kama anakaa kwenye kigoda chake cha jikoni. "Baba Somoe," akasema, "hiki ndicho kigari changu. Kitengeneze upesi, macho hayanisubiri."

Nilimwona baba akigeuza uso. Kesho yake asubuhi akaagiza vipuri Dar es Salaam, na kuvingoja kulikuwa adhabu. Kila basi likiingia mimi natumwa stendi, narudi mikono mitupu, na bibi ananiuliza kabla sijafika mlangoni. Wakati huo alikuwa ameacha kuchambua mchele, mawe yanampita. Mwisho boksi likafika.

Fundi alitoka Masasi. Alikuwa Mmakua, sisi Wamakonde, kwa hiyo ni watani, na sijui kama niliwahi kulisikia jina lake halisi. Mtani alimsalimia bibi, "Shikamoo bibi," bibi akaitikia, "Marahaba baba," na heshima ikaishia hapo. "Mmakua wewe unajua gari au unajua kula panya tu?" Mtani naye habakishi neno: "Nimekuja kukununua bibi, nipe bei, ingawa magoti yamekwisha." Mama alicheka mpaka akaunguza ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, jikoni.

Akalipandisha gari kwa jeki, akaweka magogo ya mkorosho chini. Akafungua nati za juu chini ya boneti, akafungua bolti za chini, shokapu ikatoka nzima na springi yake, imejaa tope. Ilipofika kuiminya springi mpya ili iingie kwenye shokapu, alitufukuza sote. Ikiruka hiyo, alisema, itaondoka na kichwa cha mtu. Akaibana kwa vibano vya skrubu, upande huu kidogo, upande ule kidogo, ulimi nje, jasho linadondoka. Akaweka raba mpya ya juu, beringi, akafunga nati. Bibi alikuwa barazani anauliza, "Wapi sasa?" na mimi namsimulia. Nikimwambia mguu wa kushoto wa gari umeingia, anapapasa goti lake la kushoto.

Tairi zikarudi, gari likashushwa. Lakini Mtani alikuwa hajazikaza kabisa zile bolti za chini. Akaeleza kwamba raba lazima zikazwe gari likiwa na uzito wake wa safari, la sivyo zitajikunja na kupasuka. Akafuta mikono, akasema kwa kujiamini, "Haya, leteni madumu yaliyojaa maji, tuyapange kwenye kiti cha mbele."

Watu waliangua kicheko mpaka majirani wakaja. Ilikuwa kiangazi, Newala! Tulikuwa tunapigia mswaki maji ya kikombe kimoja nyumba nzima. Madumu yalikuwepo, yamepangwa ukutani, makavu mpaka yanalia upepo ukipita. "Mmewaona watu wa Masasi!" bibi akapiga makofi. "Anataka maji ya kupimia gari! Mtani, kwenu mnaogesha mpaka mbwa!" Mtani wa watu alikuna kichwa.

Bibi ndiye aliyejitolea. Akaja na fimbo yake, akajishusha kwenye kiti cha abiria, gari likazama kidogo. Baba akakaa kwenye usukani. Mtani akalala chini akakaza, huku bibi amenyoosha mkono anapapasa dashibodi polepole, kama anavyopapasa uso wa mtoto.

"Tayari bibi," Mtani akasema. "Shuka sasa."

"Sishuki."

"Bibi, nimemaliza."

"Nimesikia. Sishuki mpaka Chidya."

Baba alimtazama, akamtazama mama. Mama aliingia ndani akatoka na kanga safi, mfuko wa korosho na ming'oko ndani ya kikapu. Mimi nikasokomezwa kiti cha nyuma. Tukateremka mlima na Mtani anatupungia spana. Gari halikubisha hodi tena, na kila shimo tulilopita salama bibi alisema, "Asante Mmakua."

Bibi mdogo alikuwa kwenye mkeka mbele ya nyumba. Bibi alitoka garini mwenyewe, bila kuvutwa na mtu, akamwinamia, akamshika mashavu, akamwangalia muda mrefu. Nikaogopa, nikadhani haoni. Kisha akasema, "Kumbe umezeeka hivi." Mwenzake akajibu, "Na wewe ulivyonenepa!" Wakacheka huku wanalia. Mvua za mwaka ule zilipoanza bibi alikuwa haoni kitu, lakini alikuwa akituambia mdogo wake ana kovu wapi na jino gani limetoka.

Bibi alipofariki, Mtani alikuja msibani kama ilivyo kwa watani. Alijifunga kanga ya bibi kichwani, akaenda kukaa ndani ya gari jekundu, akakataa kutoka mpaka tumpe kuku. "Sishuki mpaka Chidya!" akapiga kelele kwa sauti ya bibi hasa. Tulicheka na vilio vyetu. Wala sijui kama misiba ya siku hizi wanawaacha watani wafanye hivyo.

Mtani naye hayupo. Mama hayupo. Ile baraza ya kubangulia imevunjwa, na korosho tunanunua zimefungwa kwenye plastiki.

Huyu fundi wa juzi ni mtoto wa Mtani. Alipokwisha kurudisha tairi na kulishusha gari, zimebaki bolti za chini tu, akaniambia, "Dada, nitafutie madumu yaliyojaa niweke uzito." Maji ya bomba yalikuwa yametoka siku ile, madumu yamejaa jikoni, nimeyaona kwa macho yangu. Nikamwambia, "Maji hakuna."

Baba alinitazama. Akainuka na fimbo yake. Yeye naye basi limeshaanza kumshinda. Akajishusha kwenye kiti cha abiria, pale alipokaa mama yake, akaweka mkono juu ya dashibodi. Fundi akakaza, akatoka chini, akajikung'uta.

"Tayari mzee. Unaweza kushuka."

Chidya hatuna mtu tena, bibi mdogo alishazikwa, na nyumba yake sasa ni shamba la watu. Baba analijua hilo kuliko mimi.

"Sishuki," akasema.

Nikaingia ndani kuchukua kanga na ufunguo.