Kilio cha Mtaa wa Vigae

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Migori mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipewa nyundo na kuambiwa nipande. Nikapanda. Wakati huo fundi wa paa hakuhojiwa, alitazamwa tu akikwea ngazi. Baadaye nikahamishiwa Homa Bay, kwenye mtaa wa zamani wa matajiri: vigae vyekundu, varanda pana, ua uliokatwa sawasawa na mbwa wakali. Majirani walijuana kwa magari.

Nilikuwa kibarua bado. Msimamizi wetu, mtu wa Mombasa, aliahidi kuniajiri kabisa nikimaliza nyumba ya tajiri mmoja wa samaki. Paa lilivuja kileleni, kwenye vigae vya mgongo, vile vinavyofunika mahali pande mbili zinapokutana. Hapo palisimama chuma chenye ncha.

"Ng'oa hicho chuma," Msimamizi akasema.

"Mkubwa, hiyo kwetu ni osuri. Inatolewa mwenye nyumba akikufa. Na mzee mwenyewe ameenda kisiwani Takawiri na boti. Si tungoje arudi?"

"Hilo pambo tu la Mzungu, fundi. Ukiogopa, nitatafuta mwingine."

Nilikuwa na mke na watoto. Nikang'oa.

Mama mwenye nyumba alirudi kutoka soko la Rodi Kopany, akatazama juu, akaangusha vikapu na kupiga yowe. Mimi huko juu napunga mikono, lakini nani humsikiliza fundi? Mageti yakafunguka mtaa mzima. Daktari alikuja na kandambili, mke wa hakimu na mikono yenye unga, wakamlilia mtu ambaye hawakuwahi kumsalimia. Msimamizi alinikazia macho, nikajua kibarua kimeota nyasi.

Mara mzee akatokea getini amebeba samaki.

"Nani amekufa?"

"Ni wewe, jaduong', mzee wetu," daktari akajibu.

Mzee akawatazama mmoja mmoja, machozi yakamlengalenga. "Na mimi nilidhani nikifa hapa nitaliliwa na mbwa." Kisha akamgeukia Msimamizi. "Huyu fundi amenionyesha majirani zangu. Asiende popote." Samaki wale wakapikwa, tukala wote.

Kazi ya kudumu niliipata, na sasa nimestaafu. Vijana huniuliza matajiri wa mtaa ule walikuwa watu wa namna gani. Nawaambia walikuwa watu wema waliokosa sababu ya kufungua geti.

Juzi mzee yule alifariki kweli, uzeeni. Nilifika mazishini mapema nisaidie kupanga viti, nikakosa pa kukaa.