Dada Yangu Alipoigiza Mama wa Kambo

Mama yangu hapendi filamu zenye giza. Anasema siku hizi watu wanapiga picha kana kwamba umeme umekatika, na wewe mtazamaji unabaki kukodoa macho ukijiuliza ni nani aliyepigwa risasi. Mimi kinachonichosha ni kingine. Tamthilia inaanza vizuri, wenyewe wakishaona watu wameipenda wanairefusha mpaka inakuwa kama uji uliotiwa maji na kila mgeni aliyepita jikoni. Za Kituruki watu wanaangaliana tu. Wawili wanasimama kwenye ngazi, muziki unalia, na kipindi kinaisha hawajaambiana neno. Za Kikorea angalau watu wanakula. Za Tanzania, ambazo mama anazipenda kuliko zote kwa sababu ya Kiswahili alichokulia nacho kule Kagera, zina majumba yenye makochi meupe, na watu wanagombana juu ya makochi hayo kama wageni walioambiwa wasiyachafue.

Tunaishi Kabeza, hapa Kigali, mimi na yeye, karibu na barabara ya uwanja wa ndege. Ndege ikishuka sauti ya televisheni inamezwa, na mama hujazia mwenyewe maneno yaliyopotea. Jumapili baada ya ibada huja jirani yetu, mjane anayeuza mboga, ambaye Kiswahili chake alikiokota sokoni. Hao wawili huketi na chai yao wakitoa hukumu. Mama alikuwa mkali sana kwa wanawake wabaya wa kwenye tamthilia.

"Mtu anayemtesa mtoto wa mwenzake," alikuwa akisema, "atakufa peke yake. Hata wa kumfumba macho hatampata."

Aliyasema hayo mara nyingi bila sauti kutikisika, nami nikitazama mbele.

Maana mama alimlea mtoto wa mwenzake. Dada yangu ni wa mke wa kwanza wa baba. Mama yake alifariki dada akiwa bado mdogo, akaletwa kwetu na kijisanduku cha nguo, mimi sijazaliwa. Baba alikuwa dereva wa malori, nyumbani alikuwa kama mgeni. Dada alikua mikononi mwa mama yangu, kwanza Kagera, halafu Kigali tuliporudi Rwanda. Hakupigwa. Sikumbuki hata siku moja aliyopigwa. Alivaa sare safi, alisoma, alipougua alipelekwa hospitali. Majirani walimsifu mama kwa hilo.

Lakini wakati wa kula, dada akiwa na kijiko mkononi, mama alikuwa akianza kufagia meza kwa ubavu wa kiganja. Taratibu, kutoka kwenye sahani ya dada kuja upande wake, akizikusanya punje za wali kwenye kiganja cha pili. Halafu alizitazama zile punje. Kisha alisema kwa sauti ya upole kabisa, "Kula tu, mwanangu. Hakuna aliyekuzuia." Na dada aliacha kula.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ukimsimulia mtu, atakuuliza ubaya uko wapi.

Dada aliolewa mapema, akapata watoto, akafungua duka la vitenge Muhima, katikati ya mji. Kijana mmoja anayetengeneza tamthilia ya kuwekwa mtandaoni aliingia dukani kutafuta kitambaa cha mapazia ya seti yake, akamsikia dada anavyobishana na wateja, akamwomba ajaribu kuigiza. Hakuna aliyetuambia. Siku moja dada alinitumia ujumbe mfupi: nimecheza kwenye tamthilia, nimekutumia, mwonyeshe na mama. Hakusema amecheza kama nani.

Jumapili hiyo niliunganisha simu na televisheni. Jirani alikuwepo. Tukafurahi tulipomwona dada anatokea, amefunga kilemba, amezeeshwa kidogo kwa rangi. Alikuwa mama wa kambo. Jirani akacheka, mama naye akatabasamu. Wakaketi mezani, dada na binti mwembamba anayeigiza mtoto wa mume. Binti akachota wali. Na dada yangu akaweka ubavu wa kiganja chake juu ya meza.

Nilijua kabla hajausogeza. Mkono ulikuja polepole vilevile, punje zikaingia kwenye kiganja cha pili, dada akainamisha kichwa kuzitazama. "Kula tu, mwanangu," akasema. "Hakuna aliyekuzuia." Binti akaweka kijiko chini.

Jirani aliguna. "Huyu mama iko mubaya," akasema. "Mubaya ya kimya. Yule ya kupiga fimbo ni afadhali, mutoto anajua kama amepigwa."

Alimgeukia mama kungoja hukumu yake, kama kawaida. Mama alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Anajua kuigiza," akasema. Halafu akaenda jikoni kuongeza chai, akakaa huko mpaka kipindi kikaisha.

Wiki ile nilishuka Muhima kumwona dada. Nilimkuta anapima kitambaa. Aliniambia kwamba mteja mmoja amekataa kununua kwake, amemwambia usoni kwamba hawezi kumpa pesa yake mwanamke mwenye roho ile. Alicheka akisimulia, kisha akaacha kucheka.

"Yale ya mkono uliandikiwa?" nikamwuliza.

"Niliandikiwa kelele. Matusi, makofi, kumwagia mtoto maji. Nikamwambia mwongozaji, mwanamke wa namna hiyo simjui. Ninayemjua mimi hapazi sauti. Akasema, basi nionyeshe."

"Ulitaka mama aone?"

Alikunja kitambaa vizuri kabla ya kujibu. "Nilitaka kuigiza vizuri. Halafu mkono ukaenda wenyewe, haukunipa shida hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa. Mimi nina watoto, na siku zote nasimama nyuma yao wakila."

Wakaingia wateja, nikaaga.

Nyumbani mama hakuligusia jambo hilo. Lakini Jumapili iliyofuata aliniambia, "Weka ile ya dada yako," tukaitazama, na iliyofuata pia. Jirani alimlaani yule mama wa kambo kipindi baada ya kipindi. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mama alikuwa akitazama tamthilia bila kumhukumu mtu.

Alasiri moja, mvua ikinyesha, nilikuwa napiga pasi sebuleni naye akichambua maharage. Akaniuliza bila kuinua uso, "Nilikuwa nafanya vile? Kwa mkono?"

"Ndiyo, mama."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku."

Alichagua mawe mawili, akayaweka pembeni. "Mimi nilidhani nafuta meza."

Mpaka leo sijui kama alikuwa akisema kweli. Nimeurudia wakati ule kichwani mara nyingi, sauti yake na jinsi vidole vilivyoendelea kupita kwenye maharage, na sijapata jibu. Pengine naye hajui.

Baadaye alimwita dada kwa chakula cha mchana. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia. Dada alikuja peke yake, bila mume wala watoto, akamwamkia shikamoo kama alivyofundishwa utotoni. Mama alikuwa amepika tangu asubuhi: ndizi, isombe, kile kisamvu cha kwetu, ya karanga, na sangara wa kukaanga. Tulipoketi aliweka mikono yote miwili mapajani, haikupanda mezani ila kupakua. Kila tulichodondosha kilibaki pale kilipodondoka. Dada alikula kidogo, huku akiitazama ile meza.

Tulizungumza habari za watoto, halafu za duka. Kisha mama akasema, kwa sauti ile anayoitumia na jirani wakijadili tamthilia, "Yule mama mnayemwonyesha. Hamkuonyesha kwa nini yuko vile."

"Mwandishi hakuandika," dada akajibu.

"Ndilo kosa lake. Mtu hawi vile hivi hivi tu. Ana yake. Mngemwonyesha na yeye alikotoka."

Dada akaweka kijiko. Hakukasirika. Nilimwona ameinama mbele kidogo, kama mtu aliyeitwa jina lake kwa mbali. "Basi tuambie, mama. Tuambie alikotoka. Nitawapelekea waandike."

Ndege ilikuwa inashuka. Tukangoja ipite, kama tunavyongoja siku zote. Nilimtazama mama akifungua mdomo na kuufunga. Ndege ilipokwisha kupita akauliza kama chumvi imetosha kwenye isombe.

"Imetosha," dada akasema.

Alikaa kidogo, akaaga. Nilimsindikiza mpaka barabarani. Njiani tuliongea kuhusu matope.

Mwisho wa tamthilia yenyewe ulikuwa ule ambao wote wanautumia wakiishiwa maneno. Mama wa kambo aliugua. Yule binti, sasa amekuwa daktari, akaja na maua, wakashikana mikono, wakalia, akamsamehe kabla muziki haujaisha. Jirani alilia akijifuta kwa khanga yake, akasema Mungu ni mwema. Mimi niliona wameiharibu kazi nzuri. Mtu hawezi kukaa miaka yote ile mbele ya ile meza, halafu akayamaliza kwa shada la maua.

"Uongo," mama akasema.

"Uongo gani?" jirani akauliza.

"Huyo mtoto. Asingekuja hivyo. Angekuja kwa heshima tu, angesalimia vizuri, akaondoka."

Jirani akambishia, akasema mama ni mama. Mama akamwacha aseme.

Tangu hapo televisheni yetu imekuwa ya taarifa ya habari tu. Nimejaribu kumletea mama tamthilia mpya kutoka Dar, nikamwambia safari hii makochi ni ya kawaida. Alitazama nusu, akasema macho yanamwuma, akaenda kulala mchana. Jirani bado anakuja, ila sasa wanaongea kuhusu bei ya nyanya na maumivu ya magoti, na anaondoka mapema. Dada hupiga simu sikukuu. Akimaliza kuongea na mimi huuliza kama mama yupo, nampa simu, wanajuliana hali. Hayo hayajawahi kuwa maongezi ya kukaa chini.

Dada naye hakuacha kuigiza. Sasa yumo kwenye tamthilia nyingine, ni mkuu wa shule, mwanamke mwema mwenye miwani. Naitazama peke yangu chumbani, kwenye simu. Haijatulia. Anasimama alipoambiwa asimame, anasema alichoandikiwa, na mikono yake haina kazi, ameifungia tumboni kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Watu mtandaoni wanaandika kwamba alikuwa bora zamani, alipokuwa mbaya.

Juzi aliniuliza nimeionaje. Nikamwambia miwani imempendeza. Akasema hata yeye anaipenda, halafu akaniambia wateja wameingia, tutaongea siku nyingine.