Vigelegele Vilivyozuia Mnyororo

Saa mbili asubuhi, Marambo, Nachingwea. Mwanaheri Halfani amepiga magoti kichakani, mkono umezama ardhini hadi kiwiko. Anavuta taratibu, na mng'oko mwembamba unatoka mzima. Mzizi huu wa porini, ukichemshwa, ndio kifungua kinywa cha vibarua wa mradi wa karanga.

"Ukiuvuta kwa hasira unakatika," anasema. "Huu hautaki ubabe, mwanangu."

Mama huyu wa watoto wanne anachimba ming'oko tangu utotoni. Zamani alichokiogopa ni simba. Siku hizi ni mnyororo wa kufyekea msitu: matrekta mawili huukokota kati yao, na kila unachokikuta, mti au kichuguu, hulala chini.

Ndiyo maana Dastani, mnyapara wa kambi ya mradi, aliwapa wachimbaji filimbi. Aliye kichakani apulize, madereva wasubiri.

Mwezi Julai filimbi hiyo ilimtupa Mwanaheri mkono. Sofia, wifi yake, alitumbukia kwenye shimo la kale la kunasia nguruwe, mguu ukavunjika. Ilikuwa saa ya chakula, mashine zimezimwa. Zingewashwa tu, mnyororo ungepita juu ya shimo lile. Njia ya kwenda kambini ilizunguka korongo, na Mwanaheri alijua hatawahi.

"Nikapuliza, wapi! Imejaa udongo, inakoroma tu," anasimulia huku akicheka. Siku ile hakucheka. Akapiga yowe kwa nguvu zake zote.

Hapo ndipo alipoharibu. Kambini yowe lina maana moja: mti unaanguka, jiokoe.

"Kila mtu alishika njia yake," anakiri Dastani. "Mimi mwenyewe niliuacha ugali."

Mwanaheri akasikia vishindo vya watu wakikimbilia mbali. Kutoka shimoni Sofia akamwambia, "Wifi, nenda zako. Wanao bado wadogo."

"Nikamwambia anyamaze," anasema Mwanaheri, na machozi yanamlenga. "Ningerudi na uso gani kwa mama mkwe?"

Ndipo wazo likamjia. Akapanda juu ya kichuguu akapiga vigelegele, mfululizo, huku analia.

"Tukatazamana," anasema Dastani. "Harusi gani hii ya porini? Au kuna mtu kajifungua?" Umbea ukawashinda, wakaja kutazama, wengine tonge mkononi. Sofia akatolewa kwa kamba ya lori.

Leo mguu wake umeunga. Anachechemea uani akigombana na kuku wa jirani, na hakuna anayemnyamazisha. "Alhamdulillahi, agombane tu," anasema wifi yake, na nyumba nzima imeshusha pumzi.

Lakini Mwanaheri ana ombi, na kesho atalipeleka kwa Dastani. Kila mara kabla ya kuwasha mashine, madereva waite, na wachimbaji waliokwisha kutoka njiani mwa mnyororo waitikie kwa vigelegele.

"Sasa hivi wakisikia kimya wanasema hakuna mtu," anasema. "Mimi nataka kinyume chake. Siku nikinyamaza, wasiwashe."