Kikomo cha Meya Haske

Bernadine Wojtas alipika chakula cha wanafunzi kwa miaka ishirini na minane katika mji mdogo wa Tillman Falls, Ohio, na hakuwahi kumpakulia mtoto supu ambayo mwenyewe hakuionja. Alipostaafu akaanza kuhudhuria vikao vya baraza la mji, na huko akaona madiwani saba, watu wazima wenye tai shingoni, wakipitisha karatasi wasizozisoma. Meya Gordon Haske akisema, wao huitikia.

Katiba ya mji ilimruhusu meya vipindi viwili tu. Haske alikuwa anamalizia cha pili, na kiti kilishamnogea. Lakini katiba hiyo hairekebishwi ila kwa kura ya wananchi, kwa hiyo baraza likatunga swali la uchaguzi wa Mei. Bernadine alilikuta limebandikwa nje ya ofisi ya karani: "Je, katiba irekebishwe ili kuweka kikomo cha vipindi vinne kwa meya?"

Kuweka kikomo! Kana kwamba hakikuwapo. Fisi kawaandikia mbuzi sheria ya zizi.

Kikaoni kila mwananchi alipewa dakika tatu. Bernadine akakisogelea kipaza sauti.

"Meya, kikomo cha sasa ni vipindi vingapi?"

"Bi. Wojtas, hapa tunapokea maoni, hatujibu maswali."

"Basi nakujibia. Viwili. Mbona swali lenu halisemi?"

"Mwanasheria wetu ameridhika nalo."

"Hata mbweha huridhika na banda la kuku lisilo na komeo."

Mfagizi wa ukumbi alicheka. Madiwani walitazama kucha zao.

"Muda wako umekwisha," akasema Haske. Bernadine alikuwa hajamaliza hata dakika moja.

Ijumaa, kwenye mlo wa samaki wa kukaanga kanisani, Bernadine alipita meza baada ya meza akifoka. Mzee mmoja alimwambia kikomo ni kitu kizuri, kisha akaomba apitishiwe saladi ya kabichi. Bernadine akamwita kichwa cha boga, akahamia meza nyingine.

Mei ilipofika, kati ya wapiga kura elfu tisa walijitokeza elfu moja na mia mbili. Ndiyo ikashinda kwa kura kumi na tisa.

Kesho yake asubuhi, mdogo wake Lorraine alikuja kunywa kahawa.

"Angalau tumemwekea kikomo yule mjivuni."

Bernadine akatua kikombe. "Ulipiga ndiyo?"

"Si ndivyo ulivyotaka, dada? Aondoke?"

"Nilikueleza mara tatu, Lorraine! Mara tatu!"

"Ulinifokea mara tatu. Ukianza kufoka mimi huwa sisikii kitu, na wenzangu wote wako hivyohivyo."

Maneno hayo yalimuuma Bernadine, maana yalikuwa kweli: aliwadharau watu wale wale aliotaka wamsikilize.

Karani wa mji alimweleza kwamba hata wananchi wanaweza kupeleka marekebisho kwenye kura, mradi wakusanye sahihi za kutosha. Kiangazi chote dada hao wawili walisimama nje ya duka la vyakula. Lorraine ndiye aliyezungumza. Bernadine alishika kalamu na kufunga mdomo, kazi iliyomchosha kuliko masufuria yote ya shule. Swali lao lilisema waziwazi: vipindi vinne virudishwe kuwa viwili? Novemba watu wakajibu ndiyo, kwa tofauti ya zaidi ya kura elfu mbili.

Wiki iliyofuata Haske alisimama mbele ya baraza, kifua mbele, akasoma hotuba.

"Daima nimekuwa muumini wa vikomo," akasema.

Madiwani wote saba wakapiga makofi. Bernadine, aliyekaa safu ya mbele, akapiga mwayo mrefu bila kuziba mdomo.