Donge la Unga Lililobaki Mubi

Mama aliyekuwa akipika bushe za Noeli kule Mubi, katika msitu wa Walikale, alifariki asubuhi, na donge la unga alilolikanda kabla jua halijatoka lilikuwa bado kwenye beseni, limefunikwa kitambaa kibichi, likingoja kukatwa. Watu walikuwa hawajamaliza kulia walipoanza kugombana juu ya lile donge. Nilifika mchana huohuo nikiwa nyuma ya pikipiki, matope mpaka magotini, na mgongoni nimebeba duara zima la jibini kutoka Nyamitaba, ambalo yeye mwenyewe aliniagiza. Hakuna aliyeweza kunijulisha njiani, maana ndani ya msitu, kabla ya kufika Mubi, simu hazishiki. Nilishuka, nikaona viti vya plastiki vimepangwa chini ya turubai, nikaelewa. Binti yake mkubwa alinijia, akautazama mzigo wangu kabla ya kunitazama mimi. "Papa," alisema, "fromaji imefika. Mwenyewe ameenda."

Jina lake siliandiki hapa, maana familia iko kwenye matanga na sikuomba ruhusa. Alizaliwa kwenye vilima vya Masisi, upande wa Nyamitaba, katika nyumba ya wakulima waliokuwa na ng'ombe wachache na waliojua kugandisha maziwa. Mumewe, mtu wa Walikale ambaye alitangulia kufa zamani, ndiye aliyemshusha mpaka Mubi, ambako joto huyeyusha siagi kabla hujafungua karatasi yake. Mwingine angeyaacha mambo ya maziwa palepale. Yeye alijenga furu, yaani tanuri la udongo, nyuma ya nyumba, akawa anaoka mikate ya madereva na wachimbaji wanaopita. Na kila Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya, mikate ikishatoka na furu ikiwa imebaki na joto lake la mwisho, aliingiza bushe: vipande vidogo vya unga wenye siagi, ndani mna jibini changa lililopondwa na krimu mpaka likalainika, na juu yake kipande cha tunda. Bushe ni neno tulilolichukua kwa Wafaransa, na maana yake ni kitu cha kujaza kinywa mara moja. Mara moja tu, si mara mbili. Hapo ndipo taabu yote ilipoanzia.

Nilimfahamu kwenye sherehe ya Noeli ya parokia. Lori nililopanda lilikuwa limekwama, dereva alikuwa amelala chini ya lori lenyewe, na katekista mmoja akanionea huruma akanialika. Nikapewa sahani yenye bushe mbili. Nilizila, kisha, bila kufikiri, nikainua ukingo wa sahani.

"Kaka, unatafuta nini chini ya sahani?" Alikuwa amesimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Hapana, Mama, nilikuwa nafikiri..."

"Ulifikiri zingine zimejificha? Iko mbili. Ukitaka zingine, simama, wende pale kwa meza ya wale wametoka Ngungu, kule kwa vilima, uwaombe. Ao hauna miguu?"

Nilienda, kwa aibu, na nikiwa njiani nikaona kitu ambacho mwandishi wa habari hapaswi kukikosa. Mubi ina watu wa msitu na ina watu walioshuka kutoka vilimani wakikimbia yaliyowakimbiza. Kwenye karamu kila upande hukaa na sufuria yake, hula chakula chake, hurudi nyumbani kwake. Mama huyu aliweka bushe za nanasi, tunda la msituni, kwenye meza ya watu wa vilima; zile za marakuja, yaani pasheni, tunda la vilimani, akaziweka kwenye meza ya watu wa msitu. Kila mtu aliyetamani ladha ya kwao ilimbidi asimame, avuke ukumbi, na aseme "naomba" kwa mtu ambaye mwaka mzima hakumsalimia. Na kwa kuwa bushe ni ndogo, ilimbidi arudi tena. Sahani ingekuwa imejaa, asingesimama mtu.

Tangu siku ile nikawa mchukuzi wake. Kila nilipokanyaga Masisi simu ililia. "Kaka, uko wapi? Uko Nyamitaba? Uongo, nasikia ng'ombe. Uniletee fromaji, lakini ile changa. Ukiniletea ile ngumu nitakupiga nayo." Nilimwambia barabara ni mbaya. Alisema, "Barabara haijui kwamba mimi niko mbaya kuliko yeye." Nilimwambia kwenye kila kizuizi watu wenye bunduki hufungua mzigo, wanakata kipande, wanaonja. Alinijibu: "Waambie iko ya padri." Nilichoka naye. Nasema wazi, nilichoka naye mara nyingi, na bado kila nilipofika na lile duara likiwa limekatwa pembeni na visu vya watu nisiowajua, aliligeuzageuza mikononi, akalinusa, akasema, "Hawa wezi wana meno muzuri," akaenda kuliponda.

Kisa cha pili ndicho kilichomuudhi mpaka mwisho wa maisha yake. Akina mama wa parokia walimwomba awafundishe, ili kila nyumba iweze kupika kwa ajili ya Bonane. Aliwaita uani. Aliwaonyesha yote: siagi ifunikwe kwenye beseni la maji ya kijito, unga ukandwe alfajiri wakati hewa bado baridi, upumzike, usukumwe, ukatwe miraba midogo. Jibini kijiko kimoja. Nanasi likatwe dogodogo, lipikwe peke yake mpaka maji yakauke, ndipo lipande juu. Pembe mbili zikutane, zibanwe kwa vidole. Basi. Furu, na kungoja kidogo. "Muliona? Iko rahisi," aliwaambia. "Hata mume anaweza." Walicheka, wakaenda.

Siku ya Bonane zikaletwa sahani. Bushe zilikuwa na ukubwa wa kiatu. Zilikuwa zimepasuka, unga mbichi katikati, maji ya nanasi yakitiririka mpaka kwenye nguo za kanisa. Nilikuwapo. Mwalimu wao alizunguka meza moja baada ya nyingine kama mkaguzi.

"Mama, hii njo nini?" aliuliza, yaani hii ndiyo nini.

"Bushe, dada."

"Hii iko bushe? Hii iko mutoto mwenye miezi sita. Kwa nini kubwa hivi?"

"Sasa dada, mgeni aje kwangu nimupe kitu ya mara moja? Atasema nini kwao? Atasema kwa ule mama hakuna kitu."

"Na nanasi, hamukupika?"

Hapo wakatazamana, na mmoja akajibu kwa uchungu wa kweli: "Tulianza kupika. Tukaona inapungua. Nanasi muzima, inakuwa kiganja moja! Tukatoa haraka kwa moto."

Nimeishi katika nchi hii nikisikia maelezo mengi ya kwa nini mambo hayaendi, na sijasikia yaliyo kamili kuliko yale. Tulianza, tukaona linapungua, tukatoa kwenye moto. Na ubaya haukuishia hapo. Juma lililofuata yakaanza maneno kwamba yule mama hakufundisha yote. Ana kitu anachoongeza. Ana unga wake. Watu wa kule milimani, mnawajua. Alikasirika sana. "Nilipika mbele ya macho yao!" alinipigia simu kunilalamikia, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. "Macho wanayo, kaka? Wanataka niwaambie iko dawa, njo watatulia. Ikiwa rahisi, hawaiamini."

Nimelifikiria neno hilo kuliko maneno mengi niliyoyasikia kwa wenye vyeo. Sisi watu wa Masisi na Walikale jambo gumu tunaliheshimu. Vita, ardhi, mipaka ya machifu: kwa hayo tunakaa vikao, tunasimama, tunapiga makofi. Jambo rahisi linatutia shaka. Ubao mmoja ukivunjika kwenye daraja, kinachohitajika ni ubao. Sisi tunaunda komite. Komite ina prezida, ina makamu wake, ina sekretere na washauri, na siku ya kuketi inabidi kuwe na vinywaji. Ubao hauletwi. Malori yanapita pembeni, mto unakula kingo, mwishowe daraja zima linaenda, na hapo tunafurahi kidogo, maana sasa jambo limekuwa gumu na linastahili hotuba. Msiniambie ninazidisha. Lile daraja lililoanguka mwaka huu ng'ambo ya Mubi nilivuka juu yake lilipokuwa limepungukiwa ubao mmoja tu.

Na lile daraja ndilo linalonirudisha kwenye beseni. Kwa desturi ya ukoo wa mumewe, mtu akifa moto wake huzimwa, na hauwashwi tena mpaka wazee wa ukoo waje kumaliza matanga na kuuwasha upya. Wazee wanaishi ndani ya msitu, ng'ambo ya daraja ambalo halipo. Mwenye kusimamia desturi hapo Mubi ni dada wa mume, jirani wa marehemu, mwanamke mkavu ambaye kwa miaka mingi alikuwa mpinzani wake na rafiki yake kwa zamu. Nilipofika, yeye na binti walikuwa wamesimama pande mbili za beseni.

"Shangazi, Mama aliukanda yeye mwenyewe," alisema binti. "Noeli iko hapa. Watu watakaa kila muntu kwa kona yake, kama zamani. Tuoke hii tu."

"Moto ya marehemu hailishi watu. Wazee njo watawasha."

"Wazee watapita wapi? Daraja haiko!"

"Watafika siku watafika."

"Basi tupeleke kwa furu ingine."

"Unga iko yake. Itafuata moto yake."

Desturi siidharau. Marehemu mwenyewe, mtu wa vilimani, aliishika alipomzika mumewe. Alikaa bila furu mpaka wazee walipokuja, na siku zile walikuja. Kilichoniudhi ni wanaume waliokuwa wamekaa chini ya turubai, ambao waliinuka mmoja mmoja kuja kutoa maoni. Katekista akasema Bwana alizaliwa kwa ajili ya wote. Mzee mmoja akasema unga uliokandwa lakini haujaokwa si chakula, kwa hiyo desturi haiugusi. Mwingine akasema ni chakula tangu chumvi ilipoingia. Wa nne, na ningeweza kuapa kwamba atakuja, akapendekeza tuchague watu wachache wa kulichunguza swali. Jua lilikuwa limepanda. Kitambaa kilikuwa kimekauka. Ngoja ngoja huumiza matumbo, tunasema, na tunaendelea kungoja. Katika watu wote wale hakuna aliyesukuma beseni kivulini.

Ni shangazi aliyefunua. Siagi ilikuwa imeyeyuka yote, imejitenga, na donge lilikuwa limelala kwenye mafuta yake kama uji. Alilitazama. Kisha akatugeukia sisi sote, na nawaambieni, sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa ya yule tuliyekuwa tunakwenda kumzika: "Muone. Muone sasa! Mubishane tena!" Akalibeba beseni, akawamwagia kuku, akaketi chini pale uani, na ndipo kwa mara ya kwanza siku ile alilia.

Tulimzika kesho yake. Lile jibini nilitaka kumwachia binti. Akanijibu kwa mkato, nyumba ya shangazi ina ubaridi zaidi. Shangazi alilipokea, akalitia ndani ya kikapu, akalitundika juu ya mtungi wa maji.

Somo sihitaji kulitafuta mbali, marehemu alikwisha kulisema kwa hasira mara nyingi kuliko nilivyotaka kulisikia. Kitu rahisi hakimaanishi kitu cha kuahirishwa. Unga ni rahisi kwa sababu una saa yake. Saa ikipita, hakuna mzee, padri wala komite anayeweza kuurudisha. Na mkono unaokaribisha mgeni haupimwi kwa ukubwa wa kipande. Unapimwa kwa hatua ambazo kipande kile kinamfanya mgeni azitembee.

Asubuhi niliyoondoka, lori la kunirudisha likiwa linapakiwa, nilipita kuaga. Shangazi alikuwa kwenye moto wake mwenyewe, jikoni kwake, ameinamia sufuria ndogo. Ndani kulikuwa na nanasi, limekatwa dogodogo, na alikuwa akilikoroga. Lilikuwa limepungua mpaka kiganja kimoja, na hakuwa amelitoa.

"Dada, hiyo ya nini?"

"Nanasi."

"Naona ni nanasi. Ya nini?"

"Ya kupika. Weye, lori yako haijaenda?"

Upande wa pili wa ua wa matete uliotenganisha nyumba hizo mbili, binti alikuwa amekaa kizingitini kwa mama yake, mfuko wa unga wa ngano miguuni, akitazama furu isiyo na moto. Harufu ya nanasi ilikuwa inamfikia. Ilinifikia mimi niliyekuwa mbali zaidi. Noeli ni juma hili. Wazee hawajafika, na daraja bado halina hata komite. Katika ule ua kuna mlango mdogo, ambao marehemu aliutumia kila siku kwenda kugombana na wifi yake. Mpaka lori langu linaondoka, hakuna kati ya wale wawili aliyekuwa ameufungua.